Utando wa Matairi ya Mwalimu

Nilibonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba, kidole kikazama kidogo. Nilipokitoa kilikuja na kipande cha kitu kama ukoko wa wali, cheusi juu, chekundu katikati, na chini kabisa kinateleza kama mlenda. Ndani yake kulikuwa na unyoya wa kuku na bawa la kumbikumbi. Nikafuta kidole kwenye suruali, kisha nikaichukia na suruali.

Gari lilikuwa la mwalimu mmoja wa hapa Ruangwa, mama wa makamo. Kila mwisho wa wiki huenda kwao Nambambo, upande wa Nachingwea, kuangalia mikorosho, na kila Jumatatu huniletea gari likiwa limegeuka rangi kwa vumbi. Nilikuwa nimeliosha zaidi ya mwaka mzima. Kila nilipomaliza niliyapaka matairi dawa yangu: oili chafu ninayopewa na fundi wa magari jirani yangu, nimeichanganya na dizeli, napaka kwa kipande cha godoro. Huku kwetu gari limeoshwa pale tairi linapokuwa jeusi tii. Unaweza kuacha mchanga chini ya viti vyote na asikuulize mtu. Ukiacha tairi la kijivu, mteja analizunguka gari mara mbili, halafu anauliza kama umemaliza.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilianza na bodaboda za wenzangu Nachingwea mjini, nikaangalia video kwenye simu, mengine nikabuni. Na mimi ni mtu wa wasiwasi. Naosha ndoo kabla ya kuosha gari. Nafuta kioo, naondoka, narudi, nafuta tena. Ndiyo maana iliniuma kujua kwamba uchafu ule niliufuga mwenyewe. Oili hukamata vumbi. Ilitakiwa kila wiki nilisugue litoke lote ndipo nipake. Mimi niliyamwagia matairi maji tu, nikapaka juu yake, kwa sababu weusi unafunika kila kitu. Hata picha nilikuwa napiga.

Asubuhi ile mwalimu alikuwa ameniachia gari akiwa na haraka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo lioshe vizuri. Kesho asubuhi nampeleka mama Lindi, jicho lake limezidi. Basi hataki, anasema linamtapisha."

"Litakuwa kama jipya, mwalimu."

"Kila siku unasema jipya. Gari lenyewe limekuzidi umri."

Kwa hiyo baada ya kidole changu kuzama, niliamua kuyasugua yote manne hadi mpira wenyewe. Nilichemsha maji, nikaweka sabuni ya unga, nikachukua brashi ngumu. Kwenye simu walisema usugue mpaka povu liwe jeupe. Povu la kwanza lilitoka kahawia, zito, likashuka taratibu kama uji uliochacha. La pili vilevile. Maji ya moto yaliamsha harufu zilizokuwa zimelala humo mwaka mzima: oili, kinyesi cha mbuzi, mabibo yaliyopondwa barabarani yakachacha. Matone yalinirukia mdomoni. Nilitema mate mpaka koo likakauka. Chini ya kucha palijaa kitu ambacho hata kijiti hakikukitoa chote, na mchana nilipoletewa ugali niliuangalia, nikauangalia mkono, nikaurudisha ugali.

Fundi alikuwa amelala chini ya gari la mteja wake, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Wewe, unaosha gari au unaosha maiti?"

"Lina utando."

"Utando wako huo. Si dawa yako?"

Niliendelea kusugua. Tairi la nyuma kulia lilitakata baada ya kusuguliwa mara tano. La nyuma kushoto, mara ya nne povu likawa jeupe, nikamwaga maji, na kwa mara ya kwanza nikaliona lilivyo. Lilikuwa limepasukapasuka kote kama jaruba la mpunga lililokauka. Karibu na rimu palikuwa na mkato wa urefu wa kidole, na ndani yake nyuzi zinaonekana.

Nilimwita fundi. Aliinama, akachungulia.

"Limekwisha hili. Halafu oili inakula mpira, hukujua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniomba oili. Ushauri hukuniomba."

Akarudi chini ya gari lake.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilichukua kopo la dawa na kuchovya godoro. Mkono ungepita mara moja tu na mkato usingeonekana tena. Mwalimu angekuja, angefurahi, na kesho angempakia mama yake, mtu mwenye jicho bovu, wakashika njia ya Lindi juu ya zile nyuzi. Yote hayo niliyawaza, na bado nililisogeza godoro. Kilichonizuia kwanza hakikuwa wema. Ilikuwa harufu ya kopo. Ilinipanda puani pamoja na ile ya mabibo, nikakimbilia nyuma ya ukuta na kutapika. Niliporudi sikuweza tena kuligusa.

Mwalimu alikuja jioni. Nilimwonyesha. Alikunja kanga yake, akachuchumaa, akaingiza ukucha kwenye mkato.

"Hii iko hapa tangu lini?"

"Sijui, mwalimu. Nilikuwa napaka juu."

"Unapaka juu."

"Ndiyo."

"Miezi yote hii nazunguka na mama yangu humu."

Fundi alisogea akasema tufunge tairi la akiba. Nikafungua buti. Lile nalo lilikuwa jeusi, linang'aa, na utando wake. Nilikuwa nalipaka pia, kila Jumatatu, nisiache kitu.

Mwalimu aliligusa kwa kidole. "Hata hili? Humu ndani lilikuwa linapendeza kwa nani?"

Fundi alicheka peke yake, akaacha.

"Na ya mbele?" mwalimu akauliza.

"Bado sijayasugua."

"Basi hakuna anayejua yakoje." Alichukua mkoba wake kwenye kiti, akaniachia ufunguo. "Tutapanda basi. Atatapika, nitabeba mfuko. Wewe sugua yote, na hilo la ndani. Nikirudi nataka kuona mpira, hata ukiwa mbaya."

Akaondoka kuelekea stendi kukata tiketi, bila kunitukana. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Nikachuchumaa penye tairi la mbele. Maji kwenye ndoo yalikuwa yamepoa, mafuta yanaelea juu yake kwa rangi nyingi nyingi, na brashi ilikuwa imezama chini. Nikatumbukiza mkono kuitafuta.