Mama Hakushukuru

Leodgar aliisikia mashine yake kabla hajaiona. Agosti ya mwaka 1977, alipokuwa akishuka kwenye lori njia panda, vumbi la Kahama limemjaa mpaka kwenye kope, upepo wa kiangazi ulimletea mlio wake: krii, krii. Moyo ukamruka. Mwalimu Onesmo, aliyemfundisha ufundi yeye na wenzake chuoni Mwanza na sasa amekuja kukagua kazi ya wanafunzi wake, akampiga begani.

"Inazunguka, kijana!"

Inazunguka, ndiyo. Na wanawake walikuwa wakipita chini yake na ndoo kichwani, wakitoka kuchota maji kwingine.

Turudi nyuma kidogo, maana aibu hii ina mwanzo wake. Mwezi Machi wanafunzi sita wa chuo walikuja kijijini hapa, nje kidogo ya Ushirombo, kuchimba kisima na kusimamisha pampu ya upepo. Mapanga yake ya kuzungushwa na upepo waliyakata kwenye mapipa waliyopewa na Mohamedali, mwenye duka Kahama. Ekseli waliing'oa kwenye Landrova mbovu. Watu wengi walikuwa na miaka mitatu tu tangu wahamishiwe hapo wakae pamoja na wenyeji wachache kama kina Leodgar, na maji yao yalikuwa ya dimbwi, mwendo wa saa nzima. Kati ya wale sita, Leodgar peke yake ndiye aliyekuwa mzaliwa wa huko. Akafanywa mkalimani, na kichwa kikamvimba.

Siku ya kuchagua mahali pa kuchimba walikusanyika bondeni, karibu na shule. Mama yake, Anisia, akasimama kati ya wanaume, miguu ina matope ya shambani, akasema kwa Kisumbwa, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo:

"Hapo msichimbe. Nimepalima tangu nimeolewa. Mvua zikiisha, maji ya hapo yanageuka machungu, hata maharage hayaivi. Ng'ombe wananusa na kuondoka. Chimbeni kule penye matete."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na huyu mama alikuwa ameshika kata miaka thelathini. Lakini wenzake Leodgar walikuwa wamemgeukia yeye. Stanslaus, kijana wa mjini aliyevaa suruali ya bugaluu hata kisimani, na ambaye njia nzima alimtania kwamba kwao watu bado wanauliza mizimu kabla ya kupanda mtama, alishaanza kutabasamu.

"Mama anasemaje?"

Leodgar aliitazama ile miguu yenye matope. Akafikiria habari ya maharage na ng'ombe ikisemwa kwa Kiswahili mbele ya ramani na vipimo vyao, akaona haya. Alimwonea haya mama yake mzazi. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema, na siku ile mtumwa alipatikana.

"Anatushukuru," akasema. "Anasema Mungu atubariki."

Wakapiga makofi. Wanaume wa kijiji waliozijua lugha zote mbili walichekea chini chini, wakaliacha lipite. Wao walitaka kisima cha karibu, na tangu lini mwanamume akauliza maharage yameiva kwa maji gani? Anisia akawatazama waliopiga makofi. Akamtazama mwanawe. Akakaa.

Maji ya Machi yalitoka matamu, wanafunzi wakapiga picha, wakaondoka na kumpelekea Mwalimu habari ya mama aliyeshukuru.

Sasa ilikuwa Agosti, na Leodgar alikuwa ameketi kwa mama yake na bakuli la maharage mapajani. Yalikuwa laini kabisa.

"Maji ya wapi haya, mama?"

"Ya dimbwini."

Goti la kulia la Anisia lilikuwa limevimba. Alikuwa amelikaza kwa kitambaa, na bado alikwenda na kurudi, ili mgeni wake ale chakula kilichoiva. Leodgar akalitazama lile goti.

"Mama, ile siku ya mkutano..."

"Kula kwanza."

"Sikuwaambia ulichosema."

"Nilikusikia," alisema Anisia, akiendelea kuchochea moto. "Kiswahili kinanishinda mdomoni. Masikioni hakinishindi."

"Kwa nini hukunikatalia?"

"Mbele ya wenzako? Ningekuvua nguo."

Leodgar akaweka bakuli chini. Heri angetukanwa.

Asubuhi yake kukawa na mkutano. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Donatus, alikuwa amekasirika: mashine ipo, maji yapo, na wanawake wanaipita kwenda dimbwini kupiga soga! Akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu, mwanamke atakayeonekana njia ya dimbwini atalima shamba la kijiji siku tatu. Wanawake wakanung'unika kwa Kisumbwa, hakuna aliyewauliza. Mwalimu Onesmo aliinua glasi ya maji ya kisima, akayatazama juani. Meupe, safi. Akasema mazoea yana tabu, wataelimishwa polepole. Stanslaus, aliyekuja nao, alikuwa akiandika ripoti, ili pampu kama hiyo isimamishwe na katika vijiji vingine.

Leodgar angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemuumbua. Mama yake alikwisha kumsitiri miezi mitano. Akamwona moyoni akilima shamba la kijiji na goti lile. Akasimama.

"Mwalimu, mwezi Machi mama hakushukuru."

Akayasema yote, maharage, ng'ombe, matete, mpaka na lile la kumwonea haya mama yake. Uso ulimwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze. Stanslaus hakucheka. Alikuwa ameacha kuandika. Mwenyekiti akaanza kukohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Miezi mitano, Leodgar," Mwalimu Onesmo akasema taratibu. Akaonja yale maji, akakunja uso, akamwaga yaliyobaki. "Na wanawake wanaibeba aibu yako kichwani."

Kisha akamgeukia Anisia, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Utuonyeshe basi, tuchimbe wapi?" Alipomwona mama anasita kutafuta maneno, akamtazama Leodgar, mkalimani wao. "Anasemaje?"

Leodgar akafungua mdomo. Anisia alikuwa ameshasimama, mkono kwenye goti.

"Wewe kaa," alimwambia mwanawe, kwa Kiswahili, wote wasikie. "Leo nasema mwenyewe." Akanyoosha kidole ng'ambo, penye matete. "Maji mzuri iko kule. Twende, naonyesha."

Wakamfuata. Leodgar akakaa.