Difu ya Mbio na Wimbo wa Bibi

Bibi yangu mzaa mama hashuki mlima kwa gari bila kuimba. Kwenye tambarare ananyamaza na kutazama nje kama abiria wengine. Gari likifika pale juu, ambapo barabara ya kutoka Mbinga inaanza kuporomoka kwenda ziwani, anafumba macho, anashika kitasa cha mlango na kuanza wimbo wake wa kanisani. Una beti nne, na mwendo wake ni wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ubeti wa nne unamwishia kwenye daraja la mbao, siku zote, na nilikuwa namcheka kwa hilo. Nilimwambia Mungu ameshaujua huo wimbo, anaweza kumsamehe hata beti mbili.

"Nyamaza, mke mwenzangu," ananijibu. "Wewe hujawahi kufa."

Pikapu ya baba ililetwa na ruksa, tangu serikali ilipofungua milango ya biashara. Miaka hii kila kitu kinaletwa na ruksa: sabuni za kunukia, mitumba, redio za kaseti, wanunuzi binafsi wa kahawa wanaovaa miwani ya jua hata kukiwa na ukungu, na magari yaliyochoka huko Japani yanayotufikia bado yana maandishi yao ubavuni. Ya baba imeandikwa kitu mlangoni. Niliwaambia watoto wa pale kwetu Namswea kwamba tafsiri yake ni "Usiguse, lina kichaa," na kwa muda mrefu hakuna aliyeligusa.

Mwezi wa sita, nikiwa nimefunga shule, ilivunjika difu. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, mfano wa chungu kilichofunikwa. Ndani yake mna gia ndogo, pinioni, inayozungushwa na propela, ule mtaimbo mrefu unaotoka kwenye gia boksi, na gia kubwa, krauni, inayozungusha matairi. Pikapu ilikuwa inapanda na magunia ya kahawa, ikalia kishindo, na baba akasimama barabarani akiokota meno ya krauni kwenye mafuta meusi kama mtu anayechambua maharage.

Fundi wa Mbinga mjini hakuwa na difu ya namna ile. Alikuwa na nyingine, ya gari dogo la ukoo uleule lililopinduka njia ya Songea. Ilikaa vizuri kwenye ekseli kana kwamba ilizaliwa pale. Alipomaliza alijifuta mikono akamwambia baba:

"Mzee, hii ni difu ya mbio. Ile yako ilikuwa ya nguvu. Ile propela ilizunguka karibu mara tano ndipo tairi lizunguke mara moja. Hii, mara tatu na nusu hivi, tairi limeshamaliza. Kwenye lami utateleza kama samaki."

"Lami iko wapi?" nikamuuliza.

"Inakuja," akasema fundi.

Baba aliniangalia kwa jicho la kuniambia nikasubiri nje. Lakini nilikuwa nimeelewa, kwa sababu nilifikiria miguu. Difu ya kwanza ilikuwa mtu wa hatua fupi: anaondoka haraka, anapanda mlima na mzigo, ila kwenye tambarare anahangaika, miguu inapiga mbiombio na mwendo hauonekani. Hii mpya ni mtu wa hatua ndefu. Kuondoka kwake ni shida, mlimani anahema, lakini akishachanganya kwenye tambarare anatembea kama hana haraka na anakuacha mbali. Ndivyo ilivyokuwa. Tulipotoka kwa fundi pikapu iliondoka kwa kushtukashtuka, kama mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi. Tulipofika kwenye kipande kilichonyooka ikatulia, injini ikanong'ona, na baba akaanza kupiga mluzi. Hatukuwahi kusikiana tukiongea ndani ya gari lile. Siku hiyo tulisikiana.

Hakuna aliyefikiria kuteremka. Fundi hakukutaja, baba hakuuliza, na mimi niliishia kwenye kupanda.

Bibi alikuwa amekuja kwetu kusaidia kuchuma kahawa, na sasa alitaka kurudi kwake ziwani. Baba akasema atampeleka mwenyewe, na magunia mawili ya mahindi na mikungu ya ndizi. Kwa hiyo tulipanda watatu mbele, na hapa inabidi nieleze nilikaaje.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na hawaongei ana kwa ana. Ni heshima. Bibi akiwa na neno kwa baba, lazima lipitie kwa mtu. Mtu huyo ni mimi, na ndani ya gari nakaa katikati kama ukuta, huku bibi amejifunika khanga upande mmoja wa uso na kuelekea dirishani. Kazi hii ina raha zake. Tukiwa tunapanda kilima baada ya Mpepai, pikapu ikihema kwa hatua zake ndefu, bibi alisema taratibu, "Mwambie baba yako gari lake limechoka, apumzishe."

"Baba," nikasema, "bibi anasema angepita kwa miguu angeshafika, angeshapika na angeshalala."

Bibi alinifinya paja mpaka nikaona nyota. Baba alitabasamu kwenye kioo. Anajua ninavyotia chumvi, na ameshazoea kutoa chumvi yote, na mboga yenyewe kuitupa humohumo.

Tukafika juu. Mashamba ya ngoro, yale ya vishimo mlimani, yakaisha, miti ikaanza, na chini kabisa, katikati ya milima miwili, likaonekana ziwa kama kipande cha bati. Baba hateremki mlima ule kwa breki. Anateremka kwa gia. Madereva wote wa njia ile wanafanya hivyo: injini ndiyo inayolizuia gari, breki ni ya kuongezea tu, na kila kona ina gia yake waliyorithishana. Hii ya tatu, ile ya pili. Baba anazijua kama sala ya Baba Yetu. Akaingiza ya pili mahali pake pa siku zote. Bibi akafumba macho akaanza kuimba.

Mwanzoni nilikuwa namuigiza, natingisha kichwa kwa mwendo wa wimbo. Kisha nikaacha, bila kujua kwa nini. Injini ilikuwa inanong'ona. Zamani kwenye mteremko ule, gia ya pili, injini ilikuwa inapiga kelele kama nguruwe anayefungwa, na kelele zile ndizo zilizokuwa zinatuambia kwamba gari limeshikwa. Sasa palikuwa kimya. Ukimya ule nilikuwa nimeupenda siku ile kwenye tambarare. Hapa ulinifanya nikaze miguu sakafuni. Kelele zilipokuja hatimaye zilikuwa zilezile, ila gari lilikuwa limeshachanganya.

Bibi alikuwa bado yuko ubeti wa tatu, wa nne hata hajauanza, matairi yalipogonga mbao za daraja.

Akanyamaza. Alifumbua macho akageuka kuliangalia daraja lililokuwa linabaki nyuma, kama mtu aliyepitwa na kijiji chake.

"Mwambie baba yako anakimbia," akasema.

Sauti yake ilikuwa imepungua, na mimi sikuwa na chumvi yoyote. "Baba, bibi anasema unakimbia."

Baba aligonga kioo cha dashibodi kwa ukucha. Sindano ya mwendo ilikuwa kwenye thelathini. "Mwambie ni mwendo wetu wa kila siku. Anaona mwenyewe."

"Baba, kweli. Wimbo haujaisha."

"Wimbo?"

"Daraja limefika ubeti wa tatu. Sitanii, baba."

"Na ni siku gani uliwahi kusema unatania?"

Nilitazama sindano, nikatazama nje. Miti haikuwa inapita kama miti ya thelathini. Ndipo nikakumbuka waya wa ile sindano, nilivyouona ukichomekwa kwa fundi: unatoka kwenye gia boksi. Unahesabu mizunguko ya propela, hauna habari na kinachotokea nyuma kwenye difu. Propela inazunguka kama zamani, sindano inasema thelathini kama zamani, na matairi yanakwenda hatua ndefu. Thelathini ya sindano ilikuwa arobaini ya barabara. Na gia ya pili ya leo ilikuwa inakaribia kuwa ya tatu ya jana. Baba alikuwa anateremka kwa gia ambayo hajaiingiza, na sikio lake, lililosikia kelele zilezile za siku zote, lilikuwa limelala usingizi.

Nilitaka kumweleza. Lakini nani angeniamini? Ndani ya gari lile mimi nilikuwa yule anayesema bibi ameshapika na ameshalala.

Kona mbili baadaye ilianza harufu. Kama nywele zinazoungua. Baba alikuwa anakanyaga breki, kidogo, kisha si kidogo tena. Niliona goti lake likishuka chini kuliko kawaida. Akaachia, akakanyaga tena harakaharaka, likashuka tena; breki zilikuwa zinakwisha. Baba yangu akiogopa hasemi, anameza mate tu, na nilimwona akimeza. Mbele yetu ilikuwa ile kona yenye ukuta mwekundu upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu, hewa tu na sauti ya mto chini.

Bibi akaitoa khanga usoni. Aliinama mbele yangu, mkono wake ukiwa mzito kwenye goti langu, akamgeukia baba na kumtazama usoni.

"Mkwe wangu," akasema. "Mlima huu nimeupanda na kuushuka na samaki wa usipa kichwani tangu sijaolewa. Unaushuka kwa hatua ndefu. Fupisha."

Baba aligeuka. Walitazamana. Ni muda wa kupepesa jicho, lakini ndio ulionitisha kuliko hewa ile ya pembeni, kwa sababu nilielewa kwamba bibi ameamini tunakufa, na mbele ya kufa hakuna ukwe.

Kisha baba akakanyaga klachi, akapandisha moto wa injini, akausukuma mkono wa gia kwenda ya kwanza. Ilikataa, ikasaga meno kwa sauti niliyoisikia kwenye fizi zangu. Akasukuma tena kwa bega zima. Ikaingia. Injini ikapiga yowe, ile sauti ya nguruwe, na sijawahi kufurahia sauti mbaya namna ile. Tulirushwa mbele, magunia yakagonga nyuma ya kebini. Baba akapeleka ubavu wa gari kwenye ukuta mwekundu, likajikwaruza na kujikwaruza, udongo ukiingia dirishani kwake, na tukaimaliza ile kona tukiwa tumelala ukutani kama ng'ombe anayejikuna. Gari likasimama.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye matairi. Baba aliteremkia upande wetu, kwa kuwa mlango wake ulikuwa umebanwa na mlima, na ilibidi bibi ateremke kwanza na kusimama mbali, amempa mgongo. Baba akaweka mawe kwenye matairi, kisha akaenda kukaa akitazama juu tulikotoka. Bibi alikaa akitazama chini tunakokwenda. Mimi nilikaa katikati, kwenye vumbi. Maandishi ya Kijapani ya upande wa baba lazima yalikuwa yamefutika yote. Niliwaza kulisema hilo. Sikulisema.

Matairi yalipopoa tulipanda tena kwa mpangilio uleule, khanga usoni, ukuta katikati. Baba alishika ufunguo lakini hakuwasha.

"Bibi yako alisemaje pale?" akaniuliza, kana kwamba yeye hakuwepo.

Nilimtazama bibi. Alikuwa anatazama dirishani.

"Alisema ufupishe," nikajibu. Sikuongeza neno.

"Mwambie nimesikia."

"Bibi, baba anasema amesikia."

Nikaona mkono wake unatafuta kitasa cha mlango na kukishika.

"Mwambie basi aingize ndogo," akasema. "Na mwambie tunaanza upya, ubeti wa kwanza."

Baba akawasha, akaingiza ya kwanza, na akaendelea kukanyaga klachi, akisubiri. Mpaka bibi alipofumba macho na kuanza ndipo akaiachia, taratibu, na injini ikaanza kupiga kelele chini ya wimbo.