Wamekuja kumposa mwanangu daktari, na ng'ombe wao yuko zizini kwangu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana huku mlimani Meru hata kuku wanafahamiana. Najua wengi mnaosoma hapa mnapaswa kuniamkia, kwa hiyo marahaba, tuendelee. Nina miaka sabini na nne, nimefiwa na mke, meno yamebaki ya kuchekea tu. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu alichoka kabla yangu. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Watoto wangu wakubwa wana maisha yao huko mjini. Nyumba hii ni ya kitinda mimba, ndivyo ilivyo kwetu: mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi, anawatunza, anawazika, anarithi nyumba na migomba. Wa kwangu akasoma udaktari. Akasoma kwa mkopo, mkubwa kama mlima wenyewe. Alipomaliza, wafadhili fulani wakamwambia: nenda ukatibu kule nyikani kwa wafugaji, ambako madaktari hawakai, miaka minne, sisi tutakulipia deni lote. Akasaini. Mimi na mama yake tukacheka, tukasema ni kama jando, atakaa porini kisha atarudi nyumbani.

Mwaka wa tatu mama yake akaanguka jikoni. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali, tukishuka kile kijia chenye utelezi. Nikapiga simu kule nyikani, akapokea nesi.

"Baba, daktari yuko ndani anapasua. Kuna mama mjamzito ameletwa hali mbaya, na hapa daktari ni yeye peke yake."

Nikamwambia, "Mwambie huyu anayekufa huku ndiye aliyemzaa."

Nikamsikia nesi analia. Kijana alifika kesho yake, mama yake tayari yuko mochwari. Tukamzika hapa kwenye migomba, ukifungua mlango unamwona. Sikumlaumu kwa mdomo. Nilijiambia, deni ndilo linalomshika, litaisha tu.

Limeisha mwaka huu. Nikakipaka chumba chake rangi ya bluu, nikajipaka na mimi hadi masikioni. Nikawatambia majirani kwamba sasa nitapimwa presha nimelala kitandani kwangu kama chifu. Akaja, akakaa, akashika chai bila kuinywa.

"Baba, nataka kubaki kule."

"Deni si limekwisha?"

"Limekwisha."

"Sasa ukibaki wanakulipia nini?"

"Hakuna, Baba. Ni mshahara tu."

"Wewe! Mtu akimaliza kifungo anarudi kwao, hagombei kitanda cha jela!"

Hakucheka. Akasema akiondoka hakuna wa kupokea kazi yake pale, afadhali twende tukaishi wote. Nikamuuliza, mama yako nimwachie nani? Akainamisha kichwa. "Basi, Baba. Ukisema nirudi, nitarudi." Bora angenibishia, ningemfokea tukamalizana.

Wiki iliyopita wakaja wazee watatu wa Kimaasai, shuka zimejaa vumbi, wanaswaga mtamba mwenye mimba. Nikadhani wamepotea njia ya mnadani.

"Mzee, tumekuja kuposa."

"Mmechelewa. Binti zangu wote wameshaolewa, na wamezeeka."

"Tunamposa daktari."

Binti zangu wote waliposwa hapa hapa, lakini dume lenye ndevu, hii ni ya kwanza! Nikacheka hadi nikakohoa. Wao walitulia tu. Mkubwa wao akasema, "Ametuambia hawezi kukaa bila neno lako. Huyu ng'ombe tunamwacha. Ukinywa maziwa yake, umekubali daktari abaki kwetu. Ukimrudisha, hatuna kinyongo."

Wenzake walipotoka, mdogo wao akabaki nyuma. Akauliza kaburi la mama yake daktari liko wapi. Nikamwonyesha. Akasimama pale, fimbo begani, akasema taratibu, "Mzee, siku ile aliyekuwa anapasuliwa ni mke wangu."

Jamani, nilikuwa na maneno niliyomtunzia mtu huyo. Makali. Nikayatafuta, sikuona hata moja. Nikamuuliza tu, "Mtoto anatembea?"

Akasema, "Anakimbia."

Sasa ng'ombe yuko zizini, ananimalizia migomba, na kiwele kimejaa, atazaa siku yoyote. Jioni namsimulia habari za siku nzima, kwa sababu hapa nyumbani mwenye masikio ni yeye tu. Nikimkamua, nitakufa peke yangu kando ya chumba cha bluu ambamo hakuna anayelala. Nikimrudisha, mwanangu atakuja, atanipima presha kila asubuhi, na kila asubuhi nitamwona usoni anawaza ni nani amekwama kule bila daktari.

Ndugu zangu, na nyie wajukuu mnaojifanya mnajua kila kitu, leo jueni kweli. Niambieni kabla hajazaa: nimkamue au nimrudishe? Kikombe cha maziwa cha marehemu mke wangu nimekiosha, nimekifunika, kiko mezani.