Ng'ombe Mwekundu wa Dada

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa na shida ikaingia nyumbani kama mbuzi, bila hodi. Shule niliiacha darasa la pili. Dada yangu, naye msichana tu, alinilea kwa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akifanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Mengine yote nilijitafutia mwenyewe, na silisemi hilo kwa unyenyekevu.

Kiingereza nilikiokota jikoni, kwenye kambi ya watafuta dhahabu huko Geita, nilikokuwa naosha masufuria. Bosi wetu mzungu akiulizwa chakula kilikuwaje, anasema, "In general, not bad." Mpishi anabaki na mwiko mkononi, hajui amesifiwa au ametukanwa. Akiulizwa likizo ni lini: "More or less soon." Nikaona haya ndiyo maneno ya wakubwa. Unajibu, na hujasema kitu. Nikayachukua. Yamenifaa kwenye vikao vya kijiji, yamenifaa kwa watoza ushuru, hata kwa padri aliponiuliza mbona sionekani jumuiyani. "Somehow, Padri."

Sasa, kwetu ukimwekea mtu ng'ombe akutunzie, maziwa ni yake, ng'ombe na ndama ni wako. Siku ukija kuuliza habari zao hujibiwi kwa jumla. Mtunzaji anakutajia mmoja mmoja: yule mweusi kazaa dume, yule wa pembe moja anachechemea. Hata mlevi hufanya hivyo. Dada aliniwekea jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na ndama wake wawili. Yule mwekundu ndiye aliyekuwa akiba ya uzee wake.

Kiangazi kilichopita mota ya karasha langu la kusagia mawe ya dhahabu iliungua. Zizini nilikuwa na ng'ombe wangu. Nikawatazama, nikawaonea huruma walio wangu. Aliyekwenda mnadani ni mwekundu wa dada.

Haukupita muda, dada akashuka kwenye basi la kutoka Ushirombo, kiroba cha michembe kichwani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umenenepa! Siku hizi dhahabu inakaangwa?"

Hatujafika hata mlangoni, akauliza, "Ng'ombe zangu je?"

"Wako vizuri, dada."

"Hiyo hata redio inasema. Yule mwekundu?"

Nikakohoa. "Yaani, dada, in general wako sawa. More or less. Somehow."

Akanikazia macho. Nikajua nimeshikwa. Kumbe wapi! Akapiga makofi kwa furaha, akamgeukia mke wangu aliyekuwa anachambua mchele: "Wifi, umesikia? Huyu nilimbeba mgongoni akanikojolea, leo anateremsha kizungu!"

Mke wangu hakucheka. Aliinamia ungo wake.

Dada hakuomba kwenda zizini. Goti linamsumbua, na neno la mdogo wake lilimtosha. Asubuhi, akipanda basi, alinishika mkono mbele ya kondakta. "Mwone huyu," akamwambia. "Ndiye anayenitunzia ng'ombe zangu." Heri angenitemea mate.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mke wangu. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Baba, dada yako umemjibu kama yule mzungu wako alivyokuwa anamjibu mpishi."



Nilifikiri kununua mwekundu mwingine na kunyamaza. Lakini dada anamjua ng'ombe wake kwa mlio, na mimi nimeshamdanganya mara moja. Jumapili, baada ya misa, napanda basi kwenda kwake. Ndama wake hawa nitawapeleka baadaye, na nitamwambia achague mmoja kati ya walio wangu, yeyote amtakaye. Akinifukuza, anifukuze. Lakini kwanza nitamtajia vitu vyote nilivyo navyo, kimoja kimoja, kwa Kisukuma chetu, kama hivi:

Nyumba ya bati, vyumba sita.

Karasha moja, na mota mpya.

Pikipiki.

Shamba la mpunga, upande wa Kahama.

Jike jeusi, ana mimba.

Jike jeupe, lina maziwa mengi kuliko wote.

Dume la kijivu, kali.

Jike la pembe moja, limezeeka.

Ndama wawili wa dada, wazima.

Mwekundu wa dada hayupo. Nilimuuza.