Mbwa wa Nthenya Hawatoki

Nthenya aliolewa Kalamba akitokea Ikutha mwaka wa 1968. Hata mwezi haujaisha, watu wa kwa mumewe walikuwa wamegundua kwamba mke wa Mutie anapikia mbwa. Alichukua pumba za mahindi, akazisonga na supu ya mifupa ya ng'ombe, akaacha chakula kipoe juu ya jiwe, kisha akakigawa kwenye vibakuli vya bati, kila mbwa na chake. Majirani walicheka sana. Pale kijijini mbwa alijitafutia mwenyewe, akikosa analala njaa, na hakuna aliyeuliza.

Nthenya aliwaacha wacheke. Alikuwa na miaka tisa, kwao Ikutha, wakati fisi walipokuwa wakimaliza mbuzi na wanaume wakaamua kutega nyama yenye sumu vichakani. Baba yake aliwafungia mbwa wake ndani ya boma la miiba. Asubuhi moja mjomba aliyekuwa amekuja kutembea akatoka kwenda msalani, asirudishe lile tawi la miiba lililoziba lango. Kufikia saa nne mbwa wawili walikuwa wamekufa uani, povu mdomoni. Mjomba akasema, "Pole, nilisahau," akaendelea na uji wake. Tangu siku hiyo Nthenya hakumwamini tena mtu anayesema amesahau.

Mutie alifanya kazi bandarini Mombasa, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Shamba, mbuzi na watoto wawili, Musembi na Muthoki, vilikuwa juu ya Nthenya. Na juu ya mbwa. Shamba lao lilipakana na kilima chenye nyani, na nyani wa kilima kile waliweza kumaliza mahindi ya msimu mzima kwa asubuhi mbili. Mwaka wa 1983 alikuwa na mbwa wawili: Bosi, dume jeusi lenye sikio moja lililoraruka, na Chaki, jike jeupe pepepe. Bosi alikuwa na kelele. Mwenye akili alikuwa Chaki. Hakubweka mapema. Aliwaacha nyani washuke mpaka katikati ya shamba, ndipo akazunguka kwa nyuma kuwakata njia ya kurudi kilimani. Nyani waliopata somo hilo mara moja walihamia kwa jirani.

Basi kwake kulikuwa na sheria, na hazikuwa nyingi. Lango likifunguliwa, linafungwa. Mbwa hawapewi mifupa ya kuku. Hawapigwi mawe wala mateke. Na hakuna mtu wa kuwatoa nje ya boma isipokuwa yeye. Wageni walizisikia sheria hizo kabla ya kupewa kiti.

Mwezi wa saba mwaka huo chifu aliita baraza. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia. Ng'ombe wawili walikuwa wamekufa ng'ambo ya mto, na mzee mmoja alikuwa ameumwa na mbwa akapelekwa hospitalini. Mbwa wote wangedungwa sindano Ijumaa sokoni. Kabla ya hapo wafungwe nyumbani, na atakayeonekana akizurura atapigwa risasi. Chifu alirudia mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Nthenya alirudi nyumbani akawafunga Bosi na Chaki kwa kamba ya katani karibu na ghala, kila mmoja na maji yake.

Jumanne wakafika mama mkwe wake, Kalunde, na shemeji yake Nzioka, kaka mkubwa wa Mutie. Mutie alitarajiwa Jumamosi kwa likizo, nao walitaka kumkuta. Nthenya aliwapokea vizuri, akawachinjia jogoo, akawapikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi. Kisha akawaeleza habari ya sindano na risasi, na habari ya lango.

Kalunde akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mama Musembi, nimekuja kwa mwanangu ama nimekuja jela?"

"Umekuja kwa mwanao, mwaitu. Lango tu ndilo nasema," alijibu Nthenya, akimwita mama kwa Kikamba.

"Boma la kufungwa mchana ni la mchoyo," alisema Nzioka, akinyonya mfupa. "Na mbwa wa kufungwa kamba anakuwa kondoo. Mbwa ni wa porini." Akautupa mfupa wa kuku mbele ya Bosi. Nthenya akainuka, akauokota, akautupa motoni, akarudi kukaa. Kalunde akasonya.

Jumatano alikuta lango wazi mara tatu. Mara ya kwanza akalifunga kimya. Mara ya pili akamkumbusha mama mkwe kwa upole, akaambiwa kwamba mikono ya mtu mzima haitumwi na mtoto. Mara ya tatu akachukua kipande cha waya, akalikaza lango kwa koleo.

Alhamisi asubuhi akaenda mtoni na punda kuteka maji. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Ilibidi kuchimba, kungojea maji yajikusanye, kuchota kwa kikombe. Saa mbili zilikwisha hivyo. Akiwa njiani kurudi alisikia milio miwili ya bunduki upande wa chini, karibu na kivuko. Akajiambia, wangu wamefungwa. Hata hivyo akamchapa punda.

Lango lilikuwa wazi. Waya ulikuwa umefunguliwa taratibu, umetundikwa kwenye nguzo. Karibu na ghala kamba mbili zilikuwa chini, nazo hazikukatwa wala kutafunwa. Mtu alikuwa amefungua fundo. Kalunde alikuwa amekaa kivulini akipukuchua mbaazi.

"Mwaitu, mbwa wako wapi?"

"Nzioka amewachukua. Ameona paa jana pale chini. Wanaume wanataka nyama, si majani kila siku."

Kabla hajajibu, Nzioka akatokea langoni, amemshika Bosi kwa mshipi wa suruali. Hakuwa na paa. Hakuwa na Chaki.

"Mmoja amebaki," alisema bila kumtazama. "Walitokea ghafla, wale watu wa idara ya mifugo na bunduki zao. Nilisahau kwamba leo wanazunguka. Lakini usijali, Mama Musembi. Nitakuletea mwingine. Si ni mbwa tu?"

Nthenya alimchukua Bosi kutoka mkononi mwake, akamfunga, akampa maji. Akampapasa miguu yote minne kuona kama ameumia. Kisha akatoka, akafunga lango, akashuka hadi kivukoni.

Wanaume wawili wa mabuti ya mpira walikuwa wakichimba shimo. Chaki alikuwa kando, juu ya mchanga, mweupe vilevile isipokuwa ubavuni. Mmoja wa wale watu, kijana wa sauti ya taratibu, akaegemea jembe lake.

"Ni wako, mama?"

"Ni wangu."

"Mbona hukumfunga? Tulitangaza."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko milio ya bunduki.

"Nilimfunga," alisema. "Lakini niliolewa na watu wa kufungua."

Alisimama mpaka shimo likafukiwa. Aliporudi nyumbani hakupitia jikoni. Aliingia chumba cha wageni, akatoa mfuko wa Nzioka, koti lake na kofia yake, akaviweka nje ya lango, juu ya jiwe, kwa utaratibu kama mtu anayepanga vyombo.

"Shemeji, vitu vyako viko nje. Vifuate."

Nzioka alicheka kwanza. Kisha akaona anacheka peke yake. "Unanifukuza mimi? Kwa ndugu yangu? Kwa sababu ya mbwa?"

"Kwa sababu ya lango. Nilikuambia Jumanne, nikarudia kusema Jumatano, ukafungua Alhamisi. Ndugu yako akija Jumamosi atakukuta kwako."

"Akienda, naenda!" Kalunde alisimama, mbaazi zikamwagika.

"Nenda salama, mwaitu. Ukitaka kurudi, rudi. Chakula kipo. Lakini lango litafungwa."

Wakaenda. Kesho yake Nthenya alimpeleka Bosi sokoni kwa kamba, akapita katikati ya watu waliokuwa tayari wamesikia habari na kuiongezea chumvi. Akasimama foleni, akamshika Bosi kichwa wakati wa sindano, akarudi na cheti.

Mutie alipofika alikuta ukoo umekwisha kaa kikao. Uamuzi ulikuwa kwamba mkewe aende kwa mama mkwe na leso na sukari, apige magoti, aombe msamaha mbele ya watu. Mutie hakuwa mtu wa ugomvi. "Nenda tu, yaishe," alimsihi. "Ni maneno tu."

"Ni maneno tu, basi wayaseme wao," alijibu Nthenya. "Nimemkosea nini mama yako? Nilimpa kitanda, nikampa jogoo. Kitu kimoja nilimwomba, naye akamwangalia mwanawe akifungua fundo langu. Siendi."

Mutie akakasirika, akaenda kulala kwa mama yake siku tatu za likizo. Mchungaji naye akaja na aya yake juu ya kuheshimu wazazi. Nthenya akamsikiliza mpaka mwisho, akamwekea chai, akamwambia kwamba Biblia hiyohiyo inasema mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Mchungaji akanywa chai.

Siku ya nne Mutie akarudi. Nthenya alikuwa shambani akipalilia, akamwona anaingia na sanduku lake. Alilitua, akageuka, akafunga lango, akalitikisa kuona kama limeshika. Nthenya akarudi kwenye jembe lake. Hawakulizungumza tena jambo lile.

Msamaha hakuuomba. Nzioka hakuingia tena boma lile; akiwa na neno na ndugu yake alisimama nje ya ua akaita, na Mutie akamfuata huko, wakaongea wima. Kalunde alikaa miaka miwili bila kuja. Kisha Muthoki akapata ubatizo, bibi akaja na shati jipya la mjukuu na ndizi kwenye kiondo. Alisukuma lango akaliacha wazi nyuma yake, makusudi kabisa, akatembea hadi mlangoni bila kugeuka. Nthenya alitoka, akamsalimia kwa heshima zote, akampita, akaenda kulifunga. Walifanya hivyo kila alipokuja, miaka kumi na mmoja, mpaka kizee kile kikafa, na hata siku moja hakuna kati yao aliyekubali kubadilika.