Kitanda cha Dirishani

Saa mbili asubuhi, benchi la zahanati limeshajaa na nesi ananing'iniza dripu ya kwanza. Mgonjwa ni shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bibi huyu amechagua mwenyewe kitanda cha dirishani, kinachotazama barabara.

Vitanda havikuwekwa pale kwa ajili ya hewa. Daktari mwenye zahanati, mtu wa marashi na tabasamu, anataka wapita njia waone watu wakitibiwa. Nao wanaona. Mtaani hapa, ukitoka kwa daktari na ushauri mtupu huhesabiwi kuwa umetibiwa. Ukilala dirishani, unapungiwa mkono.

"Hata mafua tunatundikia dripu," nesi ananong'ona koridoni, kama anayejisemea. "Mwenzangu alimwambia mgonjwa arudi nyumbani, anywe maji, apumzike. Mwezi haukuisha, kazi hana."

Yeye ana watoto wawili, na nusu ya kipato chake hutokana na dripu na sindano anazotoa. Siku zote amekaa kimya. Leo mgonjwa ni wake.

Shangazi ana presha. Miguu imevimba, na usiku hulala ameketi kwa kukosa pumzi. Daktari hakuitazama hata hiyo miguu. Aliandika dripu ya nguvu na antibayotiki, akaita mwingine.

"Moyo wake umechoka," anasema nesi. "Maji haya yatamjaa kifuani."

Basi amefanya hila ya mtu aliyebanwa: ametundika chupa, amebandika plasta, lakini koki ameifunga. Chupa ionekane, maji yasiingie. Amesahau tu kwamba shangazi yake si wa kudanganywa.

"Mwanangu, mbona haidondoki?"

"Inakwenda taratibu, shangazi."

"Taratibu gani? Nimekodoa macho mpaka yanauma. Daktari! Hebu njoo, huyu mtoto kasahau kufungua!"

Daktari anakuja na tabasamu lake, ananyoosha mkono kwenye koki. Benchi zima linatazama. Nesi anamuwahi, anachomoa sindano.

"Shangazi, maji haya yatakuua." Anabandika pamba palipochomwa. "Twende hospitali kubwa wakakupime moyo. Nitakupeleka mwenyewe."

"Tutaongea ofisini," anasema daktari. Tabasamu halipo tena.

Sasa nesi ameketi nje ya mlango wa ofisi, anasokota pindo la sare yake. Anachokitaka si kikubwa: kazi popote pale atakaporuhusiwa kumwambia mtu kuwa hahitaji dawa.

"Lakini kwanza shangazi afike hospitali," anasema. "Mengine yatajulikana."

Shangazi amekaa kando yake, amenuna, kaupa uso ukuta. Mtu unatamani kumbembeleza, unaogopa kufokewa. Hatimaye anashusha pumzi.

"Haya, nitakwenda," anasema, huku akipandisha mkono wa gauni begani. "Ila nichome kwanza, hata kasindano kamoja. Watu wameniona nikiingia."