Mvua Niliyoyaombea Mahindi ya Mama

Mama alinipigia simu kutoka Kitui akasema mahindi yananyauka. Mimi nilikuwa Doha, mlinzi wa geti mtaa wa Al Thumama, na Ijumaa iliyotangulia mhubiri wetu alikuwa ametueleza walichoahidiwa Wayahudi wa kale: wakitii, mvua kwa wakati wake, wakikaidi, mbingu zinafungwa. Alisema pia kwamba walimu wao wamebishana vizazi na vizazi kwa nini mwema huteseka, ila hapo nilikuwa nimeshaanza kusinzia.

Basi nikamtafuta mkosaji, nikajipata mwenyewe. Nilikuwa na tabia ya kudokoa nyama ya mwenzangu wa chumbani kule Mansoura, mtaa tuliokopanga, kijana mpole wa Tanga. Kwa akili yangu, Mungu alikuwa ameacha shughuli zake zote akaikausha Kitui nzima, wajane na mbuzi wao, kwa sababu ya vipande vyangu vya nyama. Niliogopa kweli, lakini pia nilijiona mtu mkubwa.

Nikamwungamia yule wa Tanga. Maskini, siku zote alidhani ni yeye anayekula ovyo, hata alikuwa ameanza kujipunguzia. Kesho yake friji ikawa na kufuli. Nikafunga na kuomba, nikaacha kumdanganya msimamizi kwamba nimezunguka jengo, nikayameza matusi yote ya madereva pale getini.

Mvua ikaja. Ikanyesha Doha. Barabara zikajaa maji, na kwetu yakapenya kwenye tundu la AC yakamwagikia kitanda changu peke yake.

"Bwana wee," yule wa Tanga akasema huku akinisaidia kubeba godoro, "dua umeomba, mbona mahali hukutaja?"

Nikampigia mama nimchekeshe kwa kisa cha godoro. Hakucheka. Kwake bado kulikuwa kukavu.

"Mwanangu," akasema, "hii ni adhabu yangu. Siku ile ulipopanda ndege nilimwambia Mungu maneno mabaya. Nilimwambia ameninyang'anya mtoto."

Kicheko kikanikauka. Nilimwonea huruma mpaka nikamjibu kwa ukali, kama anayegombana.

"Hujakosa kitu, mama. Ni jua tu. Ni jua, unanisikia?"

Akaniuliza, kwa kuwa godoro limelowa, nitalala wapi.